Kadi inakatala kuhama: kutafuta chanzo pale majaribio ya kuburuta na kudondosha yanapofeli

Chukua programu ya kompyuta inayotumika kupanga malori hapa Lubumbashi. Upande wa kushoto kuna kadi za mizigo: shaba ya kwenda Kasumbalesa, saruji ya Likasi, mitambo ya Kolwezi. Upande wa kulia kuna mistari ya malori. Mpangaji anashika kadi kwa kipanya, anaiburuta hadi kwenye lori, anaiachia. Kwa mkono kazi inakwenda bila shida. Skripti ya majaribio ikifanya kitu kilekile, kadi inabaki palepale, au inaingia lori la jirani, au kila kitu kinaganda mpaka mtu aizime programu kwa nguvu.

Wengi hukimbilia kuongeza kusubiri: sekunde mbili hapa, tano pale. Kwa kuwa mara mojamoja husaidia, tabia hiyo haifi. Lakini kuburuta si tendo moja. Ni mfululizo wa hatua zinazopita kwa watatu: kipande cha skrini kinachotoa, mfumo wa uendeshaji, na kipande cha skrini kinachopokea. Jaribio likifeli, kuna mmoja kati yao ambaye hakupata habari. Mjue kwanza ni nani, ndipo uguse muda wa kusubiri, kama bado utahitajika.

Mifano mingi hapa ni ya Windows kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye kompyuta za ofisi zetu. Linux na macOS nitazigusa pale zinapotofautiana.

Kabla ya kugusa msimbo wa jaribio

Buruta kadi kwa mkono wako mwenyewe, kwenye mashine ileile, kwa akaunti ileile, na toleo lilelile la programu ambalo skripti inalitumia. Kompyuta yako ya kazini haihesabiki. Ikikataa hata kwa mkono, jaribio limesema kweli na kasoro iko kwenye programu.

Ikikubali, iambie programu iandike kwenye logi kila tukio la kipanya na kila tukio la kuburuta. Usijaribu kusimamisha msimbo katikati ya mburuto kwa kutumia kitatuzi (debugger). Dirisha la kitatuzi linajitokeza mbele, kipanya kinahamia huko, mburuto unavunjika, na kuanzia hapo unachunguza tatizo ulilolizaa wewe. Logi haimsumbui mtu.

Mburuto uliokamilika unaacha alama kama hizi:

```
BONYEZA    212,340   kadi=K-118
SOGEA      216,343
SOGEA      227,355
ANZA       K-118
INGIA      lori=7
JUU        lori=7    ruhusa=hamisha
JUU        lori=7    ruhusa=hamisha
DONDOSHA   lori=7
MATOKEO    hamisha
```

INGIA, JUU na DONDOSHA ni majina yangu tu. Kwenye WPF na Windows Forms, zana za Microsoft za kujenga programu za Windows, ni DragEnter, DragOver na Drop (Windows Forms huiita DragDrop). Kwenye Qt, zana ya kujenga programu za mifumo mbalimbali, ni dragEnterEvent, dragMoveEvent na dropEvent. Kwenye programu za Electron, zilizojengwa kwa teknolojia ya wavuti, ni dragenter, dragover na drop. Mfuatano ni uleule. Endesha jaribio linalofeli, kisha utazame mstari wa mwisho ulioandikwa: huo ndio unaokuonyesha sehemu ya kusoma hapa chini.

Logi ni tupu, au inaishia BONYEZA au SOGEA: kadi hainyanyuki kabisa

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na ina vyanzo vingi kuliko zote.

Anza na kizingiti. Hakuna mfumo unaoanzisha mburuto kwa sababu tu mkono umetetemeka. Lazima kishale kisogee umbali fulani kitufe kikiwa kimebonyezwa. Kwenye Windows kiwango cha kawaida ni pikseli 4, na programu inakisoma kwa SM_CXDRAG na SM_CYDRAG. GTK, zana nyingine ya kujenga programu, hutumia 8, Qt hutumia 10. Skripti inayosogeza pikseli 3 halafu ikasubiri "mburuto uanze" itasubiri sana.

Upande wa pili wa tatizo hilohilo ni skripti inayoruka. Inabonyeza kwenye 212,340, kisha kishale kinatokea kwenye 860,415 bila kupita popote. Kama kadi haikuwa imejishikia kipanya tangu kilipobonyezwa, tukio hilo moja la kusogea linapelekwa kwa kipande kilicho kwenye 860,415, na kadi haijui kwamba kuna kilichotembea. Hata kama ilijishikia, mburuto unaanza kishale kikiwa tayari juu ya lori, kitufe kinaachiwa papo hapo, na JUU haipati nafasi ya kutokea hata mara moja.

Kwa hiyo mburuto wa skripti uwe na sehemu tatu: msogeo mfupi wa kuvuka kizingiti, msogeo mrefu wa kwenda kwenye shabaha, na msogeo mdogo wa mwisho ukiwa tayari ndani ya shabaha. Kwa PyAutoGUI, maktaba ya Python ya kuendesha kipanya:

```python
import pyautogui as pg

def buruta(kutoka, kwenda):
    x1, y1 = kutoka
    x2, y2 = kwenda
    pg.moveTo(x1, y1)
    pg.mouseDown()
    try:
        pg.moveTo(x1 + 15, y1 + 15, duration=0.2)
        pg.moveTo(x2 - 6, y2, duration=0.6)
        pg.moveTo(x2, y2, duration=0.2)
    finally:
        pg.mouseUp()
```

Muda ulio chini ya sekunde 0.1 PyAutoGUI huuhesabu kuwa sifuri na kuruka moja kwa moja, kwa hiyo kuandika 0.05 ni sawa na kutoandika kitu. Na kwenye macOS moveTo haitoshi: kule, kusogea ukiwa umebonyeza ni tukio la aina tofauti na kusogea kwa kawaida. Tumia dragTo ukiweka mouseDownUp=False, na uhakikishe programu inayoendesha majaribio imepewa ruhusa ya ufikivu kwenye mipangilio ya faragha. Bila ruhusa hiyo macOS inazitupa amri zako kimyakimya.

Chanzo kingine ni kipanya cha bandia. Zana nyingi za Windows zina njia mbili za kubonyeza: kutuma ujumbe moja kwa moja kwenye dirisha, au kuingiza mbonyezo kwenye mfumo kama vile umetoka kwenye kipanya halisi, kwa kazi ya Windows iitwayo SendInput. Kwa vitufe vya kawaida zote mbili zinafanya kazi. Kwa kuburuta, ya kwanza inaanguka. DoDragDrop, ile kazi ya Windows inayosimamia mburuto, inatazama hali halisi ya kitufe cha kipanya, na ujumbe uliotumwa kwenye dirisha haubadilishi hali hiyo. Inaona hakuna aliyebonyeza, inafunga mburuto kabla haujaanza. Kwenye pywinauto, maktaba ya Python ya kuendesha programu za Windows, tofauti hiyo imejificha ndani ya jina: drag_mouse inatuma ujumbe, drag_mouse_input inasogeza kipanya chenyewe. Unahitaji ya pili.

Kisha kuna haki za msimamizi. Tangu Windows Vista, programu ya ngazi ya chini hairuhusiwi kuibonyezea programu ya ngazi ya juu. Kama programu ya malori imefunguliwa kwa haki za msimamizi na skripti imefunguliwa kwa haki za kawaida, SendInput inazuiwa, na hata thamani inayoirudisha haikuambii kwamba sababu ni hiyo. Logi itakuwa tupu kabisa, bila hata BONYEZA. Ziendeshe zote mbili kwa ngazi moja, ikiwezekana ile ya kawaida, kwa sababu ndiyo anayoitumia mpangaji. Ukuta huohuo ndio unaomzuia mtu kuburuta faili kutoka kwenye folda na kuiweka kwenye programu iliyofunguliwa kama msimamizi, hata kwa mkono. Ukiletewa lalamiko la namna hiyo, usipoteze muda kwenye msimbo wa kudondosha.

Na kama mwenye mashine anatumia mkono wa kushoto na amebadilisha vitufe vya kipanya, "kushoto" ya skripti inakuwa kulia. Hutokea kwenye kompyuta za kuazima.

Logi inaonyesha ANZA lakini haifiki DONDOSHA: alama ya kukataza haiondoki

Kadi imenyanyuka, inafuata kishale, lakini ukiachia inarudi ilikotoka. Hapa kipande kinachopokea ndicho kinachokataa, au hakijaulizwa.

Kama INGIA haipo, shabaha haikujiandikisha kupokea. Kwenye WPF na Windows Forms ni AllowDrop, ambayo mtu huiweka kwenye dirisha zima akasahau kwamba juu ya mstari wa lori kuna kipande kingine kinachofunika. Kwenye Qt ni setAcceptDrops. Jaribio linafeli ilhali mkono unafaulu pale ambapo skripti inalenga katikati ya mstari, kwenye picha ya lori, na mtu kwa mazoea huachia pembeni, kwenye jina. Sogeza shabaha ya skripti uone. Ikikubali upande mmoja na kukataa mwingine, umeshika kasoro ya kweli, na mpangaji mmoja huko kiwandani tayari anaijua.

Kama INGIA ipo lakini JUU inasema ruhusa=hakuna, tazama wanachokubaliana. Anayetoa anatangaza anachoruhusu: kunakili, kuhamisha, au kiungo. Anayepokea anachagua kimoja kati ya hivyo. Anayetoa akiruhusu kuhamisha peke yake na anayepokea akaomba kunakili, matokeo ni hakuna. Vitufe vya kibodi vinaingia hapa pia: kwenye Windows Ctrl humaanisha kunakili na Shift kuhamisha. Jaribio lililotangulia likianguka huku limeshikilia Ctrl, kila mburuto unaofuata utaomba kunakili. Andika hali ya Ctrl na Shift kwenye kila mstari wa JUU, utashukuru.

Kwa Electron kuna masharti mawili ya ziada. Msimbo wa dragover usipoita preventDefault, drop haitokei. Na dragover yenyewe inaweza isitokee kama kipanya kimesogea mara moja tu juu ya shabaha. Ndiyo sababu ya ule msogeo mdogo wa mwisho, na Playwright (zana ya majaribio ya wavuti) nao wanashauri misogeo isiyopungua miwili. Tena, wakati wa dragover unaweza kusoma aina za data zilizobebwa lakini si data yenyewe; hiyo inafunguka kwenye drop. Msimbo unaojaribu kusoma namba ya kadi mapema ili uamue kukubali au kukataa utapata maandishi matupu na kukataa kila kadi.

Kila kitu kinaganda

Logi inafika ANZA, kisha kimya. Jaribio haliendelei, programu haijibu, na mwisho muda wa kusubiri unaisha.

DoDragDrop hairudi mpaka mburuto uishe. Uzi (thread, mfululizo wa amri ndani ya programu) ulioiita unabaki ndani yake, ukizunguka na kusubiri kitufe kiachiwe. Jaribio linaloendeshwa na uzi uleule wa skrini linajifunga lenyewe: amri ya kuachia kitufe iko mstari wa chini, na mstari wa chini haufikiwi mpaka kitufe kiachiwe. Jaribio likiendeshwa na programu nyingine, kama FlaUI au pywinauto, tatizo hili halipo. Linawakamata walioandika majaribio ndani ya programu yenyewe.

Kwenye Qt ni QDrag::exec. Kwenye Linux na macOS haizuii mzunguko wa matukio wa Qt, kwenye Windows inauzuia. Ndiyo maana mtu wa Linux atakuambia kwake inapita, na atakuwa anasema kweli. Matukio ya QTest (zana ya majaribio ya Qt) pia hayaufikii mburuto wa Windows, kwa kuwa huo unasoma kipanya halisi. Nashauri usipigane na hili. Kama orodha zako zimejengwa juu ya modeli (sehemu inayoshika data ya orodha), jaribu canDropMimeData na dropMimeData moja kwa moja: mpe data ya kadi K-118, mwambie mstari wa lori 7, angalia modeli imebadilika. Hakuna kipanya, hakuna kuganda. Mburuto wa kweli uache kwa majaribio machache yanayoendeshwa kutoka nje.

Kwenye Java, java.awt.Robot isiitwe kutoka kwenye uzi wa matukio ya skrini. Ukiita waitForIdle humo, itakurushia IllegalThreadStateException, na hiyo ni bahati kwa sababu angalau inapiga kelele. Usipoiita, utaganda tu. Swing, zana ya skrini ya Java, nayo ina mlango wa pembeni: TransferHandler, ambamo canImport na importData zinajaribika kwa kutengeneza TransferSupport yenye kipande na data unayotaka.

Kuna mgando mwingine ambao si kosa la jaribio. Programu inafungua dirisha la kuuliza "Oui / Non" ndani ya msimbo wa Drop: je, lori hili lina mzigo tayari, uongeze? Mpaka mtu ajibu, Drop haijarudi, na anayetoa bado anasubiri. Ukiwa umeburuta faili kutoka kwenye folda, dirisha la folda nalo linaganda. Kwa mkono hauonekani sana, kwa kuwa mtu anajibu upesi. Skripti haikutarajia swali, kwa hiyo inakaa hapo. Dawa yake iko kwenye programu: pokea data, rudi kutoka kwenye Drop, kisha uliza baadaye, kwenye WPF ni Dispatcher.BeginInvoke. Waandishi wa programu wakikataa kubadilisha, waonyeshe kwenye skrini yao wenyewe dirisha la folda likiganda. Maneno hayatoshi.

Kadi inaingia lori la jirani

Usianze kuongeza na kupunguza pikseli kwa kubahatisha. Pima kosa kwenye sehemu mbili za skrini, moja karibu na kona ya juu kushoto na nyingine mbali nayo.

Kosa likikua kadiri unavyokwenda mbali na kona, ni ukuzaji wa skrini. Laptopu nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na 125% au 150%. Programu inasema lori liko 860,415 kwa hesabu yake. Kwenye skrini yenye 125% pikseli halisi ni 1075,519. Skripti isiyotambua ukuzaji inaenda pa kwanza na kuangukia mstari wa juu. Uufanye mchakato wa majaribio utambue ukuzaji kwa kila skrini, au, kwa mashine ya majaribio pekee, weka 100% na uandike hivyo kwenye maelekezo. Chaguo la pili watu hulidharau, lakini linaokoa muda mwingi. Mradi ubakize angalau mashine moja yenye 125% kwa ajili ya programu yenyewe.

Kosa likiwa lilelile kila mahali, umechanganya hesabu ya ndani ya dirisha na hesabu ya skrini nzima: tofauti ni unene wa upau wa kichwa na ukingo. Kosa likija na kuondoka, shabaha inatembea. Ukinyanyua kadi, orodha inaziba pengo. Ukikaribia ukingo wa chini, orodha inaanza kujisogeza yenyewe. Soma mahali pa lori upya baada ya ANZA, si kabla, na usipite karibu na ukingo kama si lazima. Kwa skrini mbili, SendInput yenye hesabu kamili hulenga skrini kuu pekee usipoweka MOUSEEVENTF_VIRTUALDESK.

Mchana inapita, usiku inafeli

Hii inatuhusu sana hapa, na karibu kila mara haihusiani na kuburuta.

SendInput inahitaji kikao chenye skrini hai. Kuranti (umeme) inakatika saa nane usiku, inarudi alfajiri, mashine inajiwasha na kusimama kwenye skrini ya kuingia. Programu ya kuendesha majaribio, kama imewekwa kama huduma ya Windows, inaamka yenyewe na kuanza kazi. Lakini tangu Vista huduma hukaa kwenye kikao namba 0, ambacho hakina eneo-kazi la mtumiaji. Majaribio ya hesabu na ya hifadhidata yanapita yote. Ya kuburuta yanafeli yote. Ukiona ripoti ya namna hiyo, nusu kijani na nusu nyekundu kwa mstari uliopigwa rula, usifungue hata faili moja ya msimbo. Weka programu ya majaribio ianze pamoja na mtumiaji, si kama huduma. Weka kuingia kwa otomatiki. Kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) chagua mashine ijiwashe kuranti ikirudi. Ondulere (betri ya akiba, UPS) inasaidia kwa mkatiko mfupi tu.

Ndugu yake ni muunganisho wa mbali. Mtu wa Bukavu anaingia kwenye mashine ya Lubumbashi kwa Remote Desktop, anaanzisha majaribio, mtandao unakatika au anafunga dirisha na kwenda zake. Kikao kinafungwa na kipanya kinakosa skrini. Hata kulipunguza dirisha la Remote Desktop kunatosha kuvuruga mambo. Kabla ya kuondoka, rudisha kikao kwenye skrini ya mashine kwa amri hii, ukiwa msimamizi:

```
tscon %sessionname% /dest:console
```

Mashine inabaki wazi bila kufungwa, kwa hiyo iwe ndani ya chumba chenye kufuli. VNC, zana nyingine ya kuingia kwa mbali, inaepuka tatizo hili kwa kuwa inashiriki skrini iliyopo.

Mwanzoni mwa kila awamu, jaribu kupiga picha ya skrini. Ikikataa au ikirudi nyeusi, andika "hayakuendeshwa" badala ya "yamefeli". Tofauti hiyo ndogo inawaokoa wenzako asubuhi. Na ukilinganisha logi za hapa na za mtu wa Kinshasa, kumbuka tuko mbele yao kwa saa moja. Mashine iliyowekewa saa ya kule itakuonyesha kosa kabla ya jaribio kuanza.

Kwenye Linux, tazama $XDG_SESSION_TYPE. Ikisema wayland (mfumo mpya wa kuonyesha skrini), xdotool, zana ya kuendesha kipanya kwa skripti, haiwezi kuzifikia programu za Wayland halisi, hata skripti ikiwa sahihi kwa kila herufi. Ingia kwa kikao cha X11 (mfumo wa zamani), au endesha majaribio ndani ya Xvfb, skrini ya bandia ya X11.

Lugha nayo imo. Skripti iliyoandikwa kwenye Windows ya Kiingereza inatafuta kitufe kinachoitwa "Cancel". Kwenye mashine zetu kinaitwa "Annuler". Tafuta kwa AutomationId (jina la ndani la kipande), si kwa maandishi yanayoonekana. Na muda wa 0.6 uliosomwa kutoka faili na programu ya C# yenye mpangilio wa Kifaransa utakataliwa, kwani yenyewe inatarajia mkato.

Jaribio la kwanza linapita, yote yanayofuata yanaanguka

Kitufe cha kipanya kimebaki chini. Jaribio lilirusha kosa kati ya kubonyeza na kuachia, na hakuna aliyeachia. Ndiyo kazi ya finally kwenye msimbo wa juu. Mwanzoni mwa kila jaribio pia bonyeza Esc mara moja, ambayo inavunja mburuto wowote uliobaki, kisha achia kipanya, Ctrl na Shift. Kama hali inaendelea baada ya hapo, data ndiyo iliyobaki: K-118 tayari imo kwenye lori 7 tangu jaribio lililopita.

Majaribio yote yanapita, mpangaji bado anapiga simu

"Papa, hii kadi inakatala kuingia." Na ripoti yako ni kijani tupu.

Tazama jaribio linahakikisha nini. Likiangalia tu kwamba kadi inaonekana kwenye mstari wa lori, linapita hata kama programu imeichora pale na haijaihifadhi. Ifunge programu, ifungue tena, ndipo uulize hifadhidata lori 7 lina nini. Uulize pia upande wa pili: kadi imeondoka kwenye orodha ya kushoto, au sasa ipo mara mbili? Makosa ya kunakili badala ya kuhamisha hujificha hapo.

Kisha tazama njia ambayo hakuna aliyeijaribu. Kuacha kadi nje ya lori lolote. Kubonyeza Esc ikiwa juu ya lori. Kuiburuta na kuirudisha palepale ilipotoka. Kuidondosha kwenye lori lililojaa. Majaribio mengi niliyoyaona yana njia moja ya furaha iliyorudiwa kwa malori tofauti, jambo lisiloongeza kitu. Lori la 8 halina tabia tofauti na la 7.

Kwa mgawanyo, mimi huweka kanuni za kupanga (uzito, njia, lori lililojaa) kwenye majaribio yasiyo na kipanya, kwa kuita msimbo wa kupokea moja kwa moja. Mburuto wa kweli nauachia kazi nne: unaanza, unakubaliwa, unakataliwa, unavunjwa. Na kila kinachofanyika kwa kuburuta kiwe na njia nyingine, kwa mfano menyu ya "Hamishia lori…" kwenye kadi. WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti uliotoka Oktoba 2023, unaidai njia hiyo kwa kurasa za wavuti katika kigezo 2.5.7, na sioni kwa nini programu ya kompyuta isamehewe. Mpangaji mwenye laptopu yenye padi iliyochakaa ataitumia kila siku, na jaribio lake ni mibonyezo miwili.